Jinsi ya kumfuatilia kiongozi wako baada ya kura
Kupiga kura ni siku moja tu, kazi yenyewe inaanza kesho yake, na hili linaniuma kweli maana wengi tunaishia kulalamika kwenye magrupu. Shika kitu kimoja, mfano taa ya barabarani imezimika, piga picha, andika tarehe, halafu peleka barua nakala mbili ofisini kwa kiongozi wako, moja wakugongee muhuri ubaki nayo, hapo ndo penyewe, bila muhuri watakwambia hawajaiona. Nenda na majirani wawili watatu. Mkutanoni uliza kifupi tu: hela imetengwa kiasi gani, kazi inaanza lini? Usiogope, Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 21, linasema una haki ya kushiriki kwenye serikali ya nchi yako. Wakinyamaza, rudi wiki ijayo na ile nakala mkononi.