Kabla binti hajaitwa mwali

Huku Newala, mkoani Mtwara, binti akianza kuota matiti tu, ndugu wanaanza kuulizana atachezwa lini, yaani atapelekwa lini unyagoni, kwenye mafunzo ya kimila ya wasichana, awe mwali. Wengine wanachezwa wakiwa na miaka minane au tisa, hasa mwaka ambao korosho imelipa vizuri na hela ya mchele na ngoma ipo. Nina mabinti watatu, wote wamepita unyagoni, na siandiki hapa kuupinga unyago. Naandika kwa sababu naona wazazi wengi wanamwachia kungwi, mwanamke anayewafunda wali, kazi ambayo ni yao. Kungwi anakaa na mtoto siku chache. Baada ya hapo mtoto anarudi kwako, na maswali yake yote.

Kwa hiyo anza wewe. Tangu matiti yachomoze hadi damu ya kwanza mara nyingi inapita miaka miwili hivi, muda unao. Usimwite chumbani ukafunga mlango, ataogopa kabla hujafungua mdomo. Mimi nazungumza na wanangu tukiwa tunaokota korosho au tunachambua kisamvu, mikono ina kazi na macho yako chini. Mtoto asiyetazamwa usoni anauliza mengi. Mweleze waziwazi: damu itatoka ukeni, ni utando wa ndani wa mji wa mimba unaobanduka, siyo jeraha wala ugonjwa. Itakaa siku tatu mpaka saba. Mara ya kwanza inaweza kuwa matone ya rangi ya kahawia tu, na miaka miwili ya mwanzo inaweza kuruka mwezi bila tatizo lolote. Mwambie pia kwamba tangu hapo anaweza kushika mimba, ingawa bado ni mtoto. Hilo usilizunguke.

Ukikaribia wakati wa kumcheza, nenda kwa kungwi mapema, na ikiwezekana uende na mjomba wa mtoto, maana kwetu neno la mjomba lina uzito. Uliza mambo haya bila aibu. Ni siku ngapi, na zitaangukia likizo ya Juni au Desemba asikose masomo? Atalala usiku? Atakula na kunywa maji ya kutosha? Atafundishwa nini kwa umri wake? Adabu, usafi, kujihifadhi akiwa kwenye siku zake, heshima kwa wakubwa: sawa, afundishwe yote. Mambo ya chumbani na mume yasubiri mpaka awe mtu wa kuolewa. Mtoto wa miaka tisa akionyeshwa namna ya kumridhisha mwanaume na kisha akaambiwa "sasa umekua", ataamini, na wako wanaume wanaosubiri aamini. Sema pia kwamba hakuna kipigo, na hakuna mkono wa mtu yeyote utakaogusa sehemu zake za siri. Wapo makungwi wanaokubali yote haya kwa moyo mweupe. Asiyekubali, mwambie asante na urudi na mtoto wako. Mwaka mwingine upo.

Akitoka ndani, unyago ukiisha, huja miko. Kutoingia ovyo chumbani kwa wazazi ni heshima, naikubali. Ule wa kutotia chumvi kwenye mboga akiwa hedhini nimeuondoa nyumbani kwangu. Binti akimwita kaka yake aje kutia chumvi, nyumba nzima imeshajua siku zake, na yeye anainamisha kichwa mpaka chakula kiishe. Faragha yake ina thamani kuliko mwiko huo.

Mwiko unaoumiza zaidi ni wa baba kujitenga. Jana mtoto alikuwa anamkimbilia njiani, leo baba anamsalimia kwa mbali, na binti anadhani amekosea kitu. Nawaomba akina baba: endeleeni kuwa naye. Msimu wa kuuza, mume wangu anakwenda na binti chama cha msingi cha ushirika, tunakopeleka korosho, binti ndiye anasoma mizani na kuangalia kama kilo kwenye risiti ni zilezile. Wanarudi wakibishana bei. Msichana aliyezoea kusikilizwa na baba yake hababaishwi haraka na maneno matamu ya mtu wa barabarani.

Sasa vitendea kazi. Kama pedi za dukani zinapatikana, sawa. Kama ni vitambaa, viwe vya pamba, visafi, vingi vya kutosha kubadilisha kila baada ya saa nne hadi sita. Vifuliwe kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni, na vianikwe juani. Kuvificha chini ya godoro kunavifanya vikauke vibaya na kumletea muwasho. Maji ya huku juu tunayajua yalivyo na shida, basi mtengee ndoo yake siku hizo, wadogo zake wasiiguse. Kwenye begi la shule awe na pedi na chupi ya akiba, na amjue mwalimu wa kike wa kumwendea. Tumbo likimsokota, chupa ya maji ya moto chini ya kitovu inasaidia, na kutembea pia. Lakini maumivu yanayomlaza kila mwezi, damu inayolowesha pedi nzima kila saa moja au mbili, hedhi inayopita siku saba, au kufika miaka 15 bila kuiona, hayo ni ya hospitali.

Chakula kisikusumbue, tunacho. Damu inayotoka inataka kurudishwa: dagaa, kunde, mbaazi, matembele, na nyama ikipatikana. Weka ndimu au embe pembeni, au bibo, tunda la mkorosho, msimu wake, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi asinywe pamoja na mlo, inayazuia madini hayo. Usingizi uwe wa muda wa saa tisa hadi kumi. Binti anayeamshwa saa kumi alfajiri kufuata maji alale mapema. Na apate chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchini kote 2018, na mwaka 2024 ikawa sindano moja tu, ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ukisikia uvumi kwamba inafunga kizazi, ni uongo.

Moyo wake utaujua kwa mabadiliko. Aliyekuwa anaimba amenyamaza, hataki shule, hali chakula, au ana hela usiyoijua ilikotoka. Msimu wa korosho hela zinatembea, na lifti ya bodaboda na chipsi vinatolewa kwa hesabu. Akikuambia jambo, swali lako la kwanza lisiwe "ulikuwa unafanya nini huko?" Sema "nimekusikia, umefanya vizuri kuniambia", kisha nyamaza umpe nafasi. Mchagulie pia mtu wa pili, shangazi au somo wake wa unyagoni, mwenye kifua cha kutunza siri, kwa yale atakayoshindwa kukuambia wewe.

Na kama ameguswa au kuingiliwa, asioge, asifue nguo alizovaa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, maana dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya watoto, kupiga ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga. Wazee wakija na habari ya kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi na hela, wakatalie, hata kama anayetajwa ni ndugu.