Kupiga boksing ya kwenye TV ukiwa kwenye wilchea

Kwanza tuelewane, gemu ya mpira ya kubonyeza pedi kwa vidole gumba haihesabiki kama mazoezi hata ukikesha nayo. Naongelea zile ukirusha mkono hewani na yule wa kwenye TV naye anarusha. Mimi niliumia uti wa mgongo chini ya kifua, miguu haifanyi kazi ila mikono iko fiti, na kusukuma kiti kwenye mchanga wa mtaani kwetu kila jioni kulinichosha roho kabla ya mwili, ndo nikaingia huku.

Tafuta Wii used, ile mashine ya gemu ya Nintendo ya 2006, ila hakikisha inakuja na kile kipande cha kushika mkono wa pili chenye waya (Nunchuk) maana bila hicho boksing haichezeki. Weka gemu ya Wii Sports nenda moja kwa moja kwenye boksing. Tenisi na boling tamu ila zina uchochoro, remoti inasoma mtikisiko tu, haijui umetumia bega zima au kifundo cha mkono, kwahiyo baada ya siku tatu utajikuta unashinda huku umeegama na jasho hamna. Za kusimama kwenye ubao wa balansi achana nazo. Mwenye hela achukue Switch, mashine nyingine ya Nintendo, na gemu ya Fitness Boxing 3 ya 2024, ina sehemu kabisa ya kucheza umekaa.

Kabla hujawasha, funga breki zote mbili, toa vile vya kuegemeza mikono kama vinatoka (la sivyo viwiko vitakoma), na kama kiwiliwili kinayumba jifunge kitenge kwenye kiti, kisibane. Ulioumia shingoni na vidole havishiki, remoti ifungwe kiganjani kwa bandeji ya kuvutika, vitufe akubonyezee mtu.

Halafu mwaga mkojo. Hii usiiruke, hasa ulioumia pingili ya T6 kwenda juu, yaani kuanzia kama katikati ya kifua, kwa sababu kibofu kikijaa au mpira wa mkojo ukijikunja presha inaweza kupanda ghafla, kichwa kinagonga kama nyundo, uso unawaka, jasho linatoka juu ya pale ulipoumia tu. Ikitokea acha gemu hapohapo, kaa wima USILALE, legeza mkanda na nguo, nyoosha mpira wa mkojo, na kama haitulii haraka ni hospitali.

Hao hao walioumia T6 kwenda juu wasiamini saa za kupima mapigo, moyo wao mara nyingi unaishia kwenye 110 mpaka 130 hata wajikamue vipi. Pima kwa mdomo, ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi basi uko penyewe. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 wa sisi tulioumia uti wa mgongo unasema angalau dakika 20 za kuhema hivyo mara 2 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu juu yake, ila wewe anza na dakika 5, mimi siku ya kwanza nilijifanya bondia kesho yake nikashindwa kujihamisha kutoka kitandani.

Kila pambano likiisha inama mbele dakika moja mbili makalio yapumue, kidonda cha kukalia kinaanza kimyakimya. Feni iwake na kitambaa cha maji kiwe shingoni, maana chini ya ulipoumia mwili mara nyingi hautoi jasho la kutosha kukupooza.

La mwisho mabega. Ngumi usiinyooshe mpaka kiwiko kilie. Kusukuma kiti na kurusha ngumi vyote vinachosha misuli ya mbele, kwahiyo ukimaliza kata tyubu ya baiskeli, ifunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kifua, vuta kuja kwako mpaka mifupa ya mabega kule mgongoni isogeleane, mara kumi, seti tatu. Tyubu yenye kiraka usitumie, yangu ilikatika ikanipiga ya uso.