Kware wa vichakani: jinsi ya kuacha kupiga hewa

Kama umewahi kutembea asubuhi nzima, kundi la kware likakurupuka miguuni pako, ukapiga mbili na hata unyoya haukudondoka, hii ni yako. Mi nilimaliza msimu mzima hivo. Kibali na tarehe za msimu hakikisha mwenyewe kabla hujatoka, twende kazi.

1. Silaha. Shotigani nyepesi, geji (kipimo cha upana wa mtutu) 20 inatosha kabisa, 12 nayo poa ila ikifika mchana uzito wake utakwambia. Choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iwe ya wazi maana wengi utawapiga ndani ya mita 25, ukiibana unakosa au unasaga nyama. Marisawa (punje za risasi) namba 8 au 7½. Suruali ngumu ya kuzuia miba, na kizibao cha rangi ya chungwa hilo halina mjadala.

2. Wapi. Kingo, pale kichaka kinapokutana na uwazi. Kware anatembea kuliko anavyoruka, kwahiyo anataka mbegu juu na udongo mtupu chini, nyasi zikishonana hapiti. Asubuhi na jioni wako nje wanakula, jua likichoma wanajibanza kivulini. Angalia vishimo walivyooga vumbi, na mavi yaliyorundikana sehemu moja: bobwhite (kware wa Amerika Kaskazini) wanalala kwa duara, mikia ndani vichwa nje.

3. Kuwasogelea. Upepo uje usoni kwa mbwa. Akiganda kwa kunusa ndege, usimjie kwa nyuma, zunguka pembeni uingie mbele yake bila kusitasita, na macho yasiwe chini kutafuta ndege, yawe juu ya vichaka. Huna mbwa? Tembea kwa kupindapinda halafu simama ghafla, ule ukimya huwa unawashinda wanaruka.

4. Risasi. Hapa ndo wengi tunafeli. Wanaruka kumi na kitu kwa mpigo, mabawa yanavuma, unashtuka unalipiga kundi, na kundi lina nafasi nyingi kuliko ndege. Chagua MMOJA. Mkazie macho mpaka uone rangi ya koo lake, sefti (kizuizi cha kufyatua) itoke wakati kitako kinapanda begani sio kabla, mtutu umfuate, vuta, na usisimamishe mkono. Wa pili mpaka wa kwanza aanguke. Anayeruka chini chini muache hata kama ni rahisi, mbwa yuko huko huko, na mkiwa wawili tembeeni mstari mmoja kila mtu na upande wake.

5. Kuokota. Akianguka usibandue macho, nenda moja kwa moja, weka kofia ulipodhani yupo, anza kuzunguka hapo. Mgongo wake na majani makavu ni kitu kimoja. Kuna mmoja nilimsaka nusu saa, kumbe kalala kifudifudi hatua mbili toka kwenye kofia, nishamruka mara tatu.

Waliotawanyika wape kama dakika 20 ndo uwafuate, akitua tu harufu yake inakuwa hafifu mbwa anampita. Kundi likibaki dogo liache, na acha kupiga mapema kabla jua halijazama, wanahitaji muda wa kuitana wakusanyike kulala. Kukiwa na joto toa matumbo hapo hapo, usisubiri ufike nyumbani.