Ukikabidhiwa shule, anza na stoo

Mwalimu mkuu mwenzangu uliyehamishiwa huku Ujiji, usikimbilie kubadili ratiba wiki ya kwanza. Anza na fedha na stoo. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, basi ruzuku ikiingia, bandika kiasi na matumizi yake ubaoni, pale wazazi wanapopita, si ofisini kwako. Mahindi ya uji yapimwe kwa debe mbele ya mjumbe wa kamati ya shule. Funguo za stoo asikae nazo mtu mmoja, hata wewe (hasa wewe).

Minong'ono ikipungua, ndipo uitishe kikao kuhusu kupunguza viboko. Mwalimu mkongwe akipinga, mwache amalize. Mara nyingi anajua kwa nini jaribio lililopita lilikwama. Muhtasari wa kikao aandike mwingine, si wewe.