Jinsi ya Kuomba Usajili wa Kiraia kwa Gari la Zamani la Jeshi

Gari la zamani la jeshi, liwe jipu ya Willys MB ya mwaka 1943 au Land Rover iliyotumika kikosini kisha ikapigwa mnada, mara nyingi halijawahi kuwa na kadi ya kiraia. Lilihesabiwa katika daftari za jeshi kwa namba ya jeshi, na lilipoondolewa kazini namba hiyo ikafutwa. Kwa hiyo mnunuzi haombi tu kubadilishiwa jina la mmiliki, bali anaomba gari litambuliwe kwa mara ya kwanza, na ni juu yake kuthibitisha ni gari gani, la mwaka gani, na limefikaje mikononi mwake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maandalizi ya maombi yaanze kabla ya kushika spana.

Kabla ya kulipa, dai hati ya mauzo yenye majina ya pande zote mbili, tarehe, aina ya gari na namba ya chesisi. Ikiwa gari limetoka jeshini moja kwa moja, omba pia hati inayoonyesha kwamba limeondolewa rasmi kwenye orodha ya jeshi. Ikiwa limeingizwa kutoka nchi nyingine, pata hati za forodha. Muuzaji akisema karatasi zitafuata baadaye, na malipo yafuate baadaye.

Hatua inayoamua maombi yote ni kuitafuta namba ya chesisi yenyewe kwenye chuma. Katika Willys MB, namba huwa kwenye kibati kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa mhimili wa kushoto wa fremu, nyuma ya bampa la mbele. Katika GPW, ambayo ni jipu ileile iliyoundwa na Ford, namba imegongwa juu ya mhimili wa kushoto, karibu na kikalio cha injini. Vibati vilivyo kwenye mlango wa kisanduku cha dashibodi visikutosheleze, kwa kuwa nakala mpya za vibati hivyo huuzwa waziwazi. Namba ikiwa imefunikwa na rangi ya miaka mingi, tumia dawa ya kuondoa rangi na kitambaa laini. Usitumie grenda wala msasa mkali, kwa sababu mkaguzi akiona chuma kimekwanguliwa mahali pa namba atakuwa na haki ya kushuku kwamba imechezewa. Ikishaonekana, mulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kijaze michoro, piga picha ya karibu na nyingine inayoonyesha sehemu hiyo iko wapi kwenye gari. Fanya hivyo kabla ya kuchomelea au kupaka rangi chochote.

Usishtuke namba ya injini isipolingana na kumbukumbu. Karakana za jeshi zilibadilisha injini kwa haraka ili gari lirudi kazini, na hilo ni jambo la kawaida katika magari haya. Lieleze kwa maandishi ndani ya maombi badala ya kulinyamazia.

Kuhusu mwaka wa kuundwa, tafuta barua au nakala ya kumbukumbu kutoka makumbusho ya jeshi, kwa mtengenezaji au katika chama cha magari ya zamani. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likitunzwa katika hali yake halisi na lisitumike kwa usafiri wa kila siku. Kitambulisho cha FIVA husaidia kama ushahidi, lakini hakichukui nafasi ya usajili.

Jihadhari hasa na M151, jipu ya jeshi la Marekani. Jeshi la Marekani lilikuwa likizikata gari hizo kabla ya kuziuza, kutokana na wepesi wake wa kupinduka kwenye kona, hivyo bodi yenye mshono wa kuchomelea mahali ilipokatwa inaweza kukwamisha maombi yako kabisa.

Kwa ajili ya ukaguzi, breki, usukani na matairi viwe imara. Taa za kujificha usiku, zenye mwanga hafifu wa makusudi, hazitoshi barabarani. Ziache mahali pake na uhakikishe kuna taa kamili, za breki zikiwemo. Kama mfumo wa umeme ni wa volti 24, nunua balbu za volti hizo.

Kisha ambatisha hati zote kwenye fomu ya maombi, ubaki na nakala, na ulipeleke gari kwenye ukaguzi likiwa limebebwa, isipokuwa umepewa kibali cha muda na bima. Kadi ikitoka, linganisha namba ya chesisi, mwaka na aina ya mafuta na hati zako kabla ya kuondoka dirishani. Ukiona kosa, hata la tarakimu moja, omba lisahihishwe papo hapo.