Kupitia mswada wa riwaya: kalenda kwanza, sentensi baadaye

Ukishamaliza mswada, uweke mbali mpaka usahau sentensi zake. Kisha uchape kwenye karatasi, maana kwenye skrini jicho huteleza.

Hatua ya 1. Usome wote bila kusahihisha hata nukta. Tia alama pembeni tu: hapa nimechoka, hapa sielewi, huyu katokea wapi?

Hatua ya 2, na hii ndiyo yenye kazi. Chora kalenda ya hadithi: kila sura mwezi gani, nani yuko wapi. Tuseme umeandika kwamba Julai jahazi lilitoka Wete, Pemba, tanga limejaa, likafika Unguja mchana. Julai ni upepo wa kusi, nao unatoka huko huko jahazi linakoelekea. Nahodha wako atakwenda kwa bisho, yaani kwa kupinda huku na huku dhidi ya upepo. Hamishia safari Januari, wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, au mwache ahangaike. Mimi ningemwacha: akichelewa, barua haiwahi, harusi inapita, na hapo una sura mpya.

Angalia na mwezi mwandamo. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuta mwisho wa Shaaban, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mhusika wako akila daku usiku ule, basi anafunga sunna au analipa kadha, na hilo ulieleze. Wazee wa visiwani hawasahau mambo haya.

Hatua ya 3. Soma mazungumzo kwa sauti. Bibi wa Makunduchi na karani wa Mjini wakisema sawasawa, anayesema ni wewe.

Sentensi ziwe za mwisho. Ukizipamba mapema, utaona uchungu kuzikata.

Maswali

— Maalim, mhusika wangu ni wa Micheweni, Pemba. Nimwandikie Kipemba kitupu?
— Kwenye mazungumzo tu, tena kwa kiasi. Maneno machache yakirudiwa vizuri yanatosha kumtambulisha, na msomaji wa Morogoro hatakwama. Masimulizi yaache sanifu.

— Nimpe nani asome?
— Mama yako hapana, atakusifu. Tafuta mmoja anayeijua bahari au kazi unayoiandika, na mwingine mpenzi wa riwaya tu. Usiwaulize kama imewapendeza. Waulize ni ukurasa gani waliiweka chini wakaenda kupika.

— Nimeambiwa nifute sura nzima, roho inaniuma.
— Usiifute, dada. Ihamishie faili jingine, usome bila yake. Usipoikumbuka hadi mwisho, iache huko huko.