Bangili ya shanga na bendi ya kichwani: kutoka meza ya nyumbani hadi kwa mteja

Mteja wa urembo wa mkono mara chache analalamikia rangi. Analalamikia bangili iliyokatika akiwa kwenye daladala, au bendi iliyolegea baada ya kufuliwa mara moja. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye mambo ambayo picha haiyaonyeshi: kipimo, fundo na mwisho wa uzi. Tunatengeneza vitu viwili, bangili ya lastiki na bendi ya kroshia. Bangili inakamilika ndani ya nusu saa, bendi inakula jioni nzima, na ukiwa navyo vyote hukosi cha kuuza.

Hatua ya 1: Manunuzi

Ukiingia Kariakoo kila kitu kitakuita. Chagua rangi tatu zinazopatana, basi. Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba, na namba ikipanda shanga inapungua: namba 6 ina karibu milimita 4, namba 8 karibu milimita 3, namba 11 karibu milimita 2. Kwa kuanzia chukua shanga kubwa za milimita 8. Sugua moja kwenye kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Ikiacha rangi, irudishe kwa muuzaji, maana jasho la Dar es Salaam litaitoa rangi hiyo kwenye mkono wa mteja.

Chukua pia lastiki ya bangili ya milimita 0.8, gundi inayobaki laini ikikauka, sindano ya kroshia ya milimita 4 na uzi wa pamba. Kwa watu wa pwani mimi nashauri pamba, kwa kuwa uzi wa plastiki unachemsha kichwa. Mabunda ya uzi yawe na namba ileile ya upakaji rangi kwenye lebo. Zikitofautiana, mstari utaonekana katikati ya kazi yako.

Hatua ya 2: Kipimo cha bangili

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Zungusha futikamba kwenye kifundo cha mkono, kisha ongeza nafasi inayoliwa na unene wa shanga. Shanga ya milimita 8 inakula karibu sentimita 2.5 kwa ndani. Ya milimita 4 inakula nusu ya hapo. Mkono wa sentimita 16 basi unahitaji bangili ya sentimita 18.5, yaani shanga 23 za milimita 8. Ukitunga sentimita 16 kamili, lastiki itabaki imevutika muda wote na itachoka mapema.

Hatua ya 3: Kutunga na kufunga

Kata lastiki sentimita 30. Ivute taratibu mara kadhaa kabla ya kutunga, ili ilegee mikononi mwako na siyo kwa mteja. Shanga ya kwanza iwe yenye tundu pana kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo itakayoficha fundo. Ukimaliza, pitisha ncha moja juu ya nyingine, izungushe mara mbili badala ya moja, kaza, kisha rudia upande wa pili. Tone dogo la gundi juu ya fundo, subiri ikauke kabisa, kata mabaki, vuta fundo liingie ndani ya tundu. Usitumie gundi ile inayokauka papo hapo: inakakamaa, na lastiki inakatika palepale ilipoishia gundi.

Hatua ya 4: Bendi ya kroshia

Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, kifue, kikaushe, kipime tena. Kipande hicho kitakuambia uzi wako unalegea au unasinyaa kiasi gani.

Kisha anza mnyororo wenye upana wa sentimita 8. Katika kila mstari ingiza sindano kwenye uzi wa nyuma tu wa kila kitanzi. Mifereji itajitokeza na bendi itavutika vizuri. Endelea hadi urefu upungue sentimita 5 kutoka kwenye kipimo cha kichwa, yaani kichwa cha sentimita 55 kinapata bendi ya 50. Mteja aliyesuka rasta mpime juu ya nywele zake. Unganisha ncha, acha mkia wa uzi wa sentimita 15, upitishe ndani ya vitanzi kwenda, kisha kurudi. Mkia uliopitishwa upande mmoja tu hutoka kwenye ufuaji wa pili.

Hatua ya 5: Bei

Saa zako ziingie kwenye hesabu. Tuseme uzi wa bendi ni shilingi 3,000, lebo na mfuko 500, na umefuma saa tatu kwa 2,000 kila saa: hapo ni 9,500 kabla ya faida. Ukiuza 12,000 una kitu. Duka likitaka kwa 8,000, kataa kwa heshima na uliuzie bangili badala yake, maana bangili iliyokugharimu 2,800 pamoja na muda wako inabeba bei ya jumla bila kukuumiza.

Hatua ya 6: Kuuza

Piga picha karibu na dirisha asubuhi, bangili ikiwa mkononi, na uandike kipimo chake kwa sentimita. Kwa oda maalumu pokea nusu ya malipo kabla hujakata uzi, na makato ya kutuma pesa kwa simu yaelezwe mapema. Andika daftarini kipimo cha kila mteja na namba ya rangi uliyotumia, kisha mwambie kwamba lastiki ikilegea airudishe uitunge upya.